Mapigano Yaliyomsubiri Mgeni Rasmi

Nchi ninayoisimulia hapa haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Msomaji akiona inafanana na kwao, namwomba radhi mapema, kisha namshauri afunge dirisha kabla ya kucheka.

Mimi ni mtangazaji wa Redio ya Taifa. Kwa utaratibu wetu, mtangazaji ndiye pia mshereheshaji wa shughuli zote za kitaifa. Nikimaliza kusoma habari ya bwawa jipya, huenda bwawani kushika kipaza sauti. Na kama bwawa halipo, hukishika pale ambapo lingekuwepo.

Vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe vilianza kwa ajili ya kiti. Wageni wanaoandika vitabu juu yetu wanasema ni madini, wengine wanasema ni ukabila. Hawatujui. Siku ya Sikukuu ya Taifa, Jenerali Sengondo, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Itifaki, alifika uwanjani akakuta amewekwa safu ya pili, nyuma ya shemeji yake Mtukufu Rais. Shemeji huyo ana kichwa kikubwa. Jenerali alitazama kisogo gwaride zima. Ndege za jeshi zilipita na moshi wa rangi, yeye akaambulia kuzisikia tu. Jioni yake aliingia msituni na nusu ya jeshi, akaanzisha Harakati ya Ukombozi wa Safu ya Mbele. Vijana waliojiunga naye walidhani hilo ni jina la kimapinduzi. Hakuna aliyewaambia kwamba ni malalamiko ya mtu mmoja.

Waasi walisonga mbele kwa kasi, na mimi nikatangaza kwamba wanasonga kwa sababu jeshi letu limewaruhusu, ili wachoke. Mji wa Kambi ya Ndege tuliuacha kwa hiari yetu, kutokana na wingi wa mbu. Mji wa Chemchemi tuliwakabidhi kwa muda, wautunze. Kila taarifa niliimaliza kwa maneno "hakuna aliyeumia", kwa kuwa mkurugenzi wangu alisema hivyo ndivyo taarifa ya jeshi inavyomalizika, kama barua inavyomalizika kwa wasalaam.

Kila mji ulioanguka uliwapokea waasi kwa ngoma. Wananchi wetu wana malezi mazuri: wakiona msafara wa magari hujipanga barabarani na kupunga mikono, hawaulizi ni wa nani. Vikundi viliimba nyimbo zile zile za Rais, vikibadilisha jina tu. Mahali pamoja Jenerali aligundua kwamba kinamama wanaomchezea wamevaa kanga zenye picha ya Mtukufu Rais. Akanuna. Kinamama wakazigeuza kanga nje ndani, na sherehe ikaendelea vizuri.

Ndivyo waasi walivyofika ukingoni mwa mji mkuu, kwenye Uwanja wa Maonyesho. Ng'ambo ya pili ya uwanja jeshi la serikali lilikuwa limejipanga. Hapo kila mtu alitarajia kishindo. Badala yake likazuka swali la utaratibu.

Maofisa wa pande zote mbili walikuwa wamesoma chuo kimoja cha kijeshi, ambako Itifaki ilifundishwa mwaka mzima na kulenga shabaha kulifundishwa Ijumaa mchana, kama mvua hainyeshi. Wote walijua kwamba hakuna shughuli ya kitaifa inayofunguliwa bila mgeni rasmi. Na kuuteka mji mkuu, au kuulinda, ni shughuli ya kitaifa. Hilo halikuwa na ubishi. Lazima aje mgeni rasmi, akaribishwe, afyatue risasi ya ufunguzi, ndipo watu waanze kuuana.

Basi ikaundwa Kamati ya Pamoja ya Maandalizi ya Mapambano, wajumbe nusu kwa nusu, ikakaa hotelini. Ilikubaliana upesi kuliko kamati yoyote niliyowahi kuitangaza. Mahema ya serikali yawe ya bluu, ya waasi ya kijani. Viti vitazamane. Kila upande ulete kwaya yake. Pilau ipikwe kwa pamoja, maana mapambano yanaweza kuchelewa na watu wasizimie kabla hawajapigwa. Mshereheshaji niwe mimi, kwa sababu askari wa pande zote wamekua wakisikia sauti yangu.

Jambo moja tu liliishinda kamati: mgeni rasmi ni nani? Kwa mila yetu, mkubwa ndiye anayefika mwisho. Mtukufu Rais akaapa hatatia mguu uwanjani kabla ya Jenerali. Jenerali naye akasema ameacha uwaziri na nyumba yenye bustani kwa ajili ya jambo kama hilo hilo, hawezi kuwahi kufika leo. Kamati ikaandika kwamba itifaki imezingatiwa, ikavunja kikao.

Sasa niwaambie habari za Bi Nyamizi, maana bila yeye nisingekuwa na cha kusimulia.

Bi Nyamizi ndiye mwenye nyumba ninayopanga. Ni mjane, mpishi wa shughuli. Harusi na misiba ya mtaa wetu yote hupita kwenye masufuria yake, na kamati ilimpa yeye kazi ya pilau. Ana mtoto mmoja, Shigela, fundi viatu. Shigela alikwenda dukani kununua gundi, akakutana na lori la jeshi, akarudi nyumbani baada ya wiki akiwa amevaa magwanda, kuaga. Walimpanga mstari wa mbele kabisa, kwa kuwa ni mrefu na hana shemeji.

Siku moja kabla ya shughuli Bi Nyamizi alinikuta barazani nikipiga pasi suti.

"Mwanangu, hiyo kesho inaanza saa ngapi?"

"Saa tatu, Mama. Lakini ni mpaka mgeni rasmi afike, afyatue risasi."

"Kabla hajafika kuna nini?"

"Kuna dua, kuna kwaya, kuna utambulisho."

"Na akishafika?"

Nikashughulika na kola.

"Akishafika, Shigela yuko mbele kabisa," akajijibu mwenyewe. "Nimekwenda kumwona. Hata kofia ya chuma hawakumpa, wamempa ile ya gwaride, yenye manyoya. Mwanangu, siasa mimi sizijui. Ila nimepika shughuli mji huu mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na sijaona hata moja ambayo utambulisho umeisha kabla wali haujapoa. Urefushe."

"Mama, kuna ratiba."

"Ratiba imezaa? Mimi nimezaa. Urefushe huo utambulisho mpaka watu wachoke. Wali niachie mimi."

Alisema kwa ukali, kama anayegombeza mtu aliyekanyaga unga, huku machozi yanamtoka na hayafuti. Niliogopa sana. Nilimwogopa mkurugenzi, niliogopa pande zote mbili za vita, lakini viatu nilivyovaa alivishona Shigela. Nikamwambia sawa, Mama.

Kulipopambazuka uwanja ulipendeza. Viti vya plastiki vimepangwa, maturubai yanang'aa, askari wa huku na wa huku wameketi na bunduki mapajani, wametazamana. Meza kuu ilikuwa na maua na haina watu. Mtukufu Rais alikuwa Ikulu, amekaa ndani ya gari linalonguruma. Jenerali alikuwa kwenye nyumba ya wageni nje ya mji, naye ndani ya gari linalonguruma. Kila mmoja alikuwa amempandisha mtu wake juu ya tangi la maji kando ya uwanja, na darubini na simu, amchunguze mwenzake.

"Ametoka?"

"Bado, Mtukufu. Wanasema yuko njiani."

Katika nchi yetu mtu akiwa njiani maana yake hajaoga.

Nilianza kwa kutambulisha kamati. Nikatambulisha kamati ndogo. Nikatambulisha waliotuletea viti, madereva wao, na fundi wa kipaza sauti, ambaye alifurahi mpaka akaharibu kipaza sauti, akakitengeneza upya. Dua zikasomwa za dini zote, pamoja na moja ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia. Kwaya zikaimba. Jua likapanda. Nikaona Shigela pale mbele, manyoya ya kofia yameinama, jasho linamtiririka. Nilikuwa nimemaliza watu wa kutambulisha.

Ndipo nikasema, "Kwa ruhusa ya meza kuu, sasa ningependa wapiganaji wetu wajitambulishe mmoja mmoja. Jina, unakotoka, na mama yako ni nani."

Meza kuu haikukataa, kwa kuwa haikuwa na mtu.

Wa kwanza alisimama muasi mmoja mwembamba. "Naitwa Kanyika. Natoka Kambi ya Ndege. Mama yangu anauza maandazi pale stendi."

"Yale ya iliki?" akadakia askari wa serikali. "Ndugu yangu! Nimekaa pale mwaka mzima, ndiyo yalikuwa chai yangu! Mama hajambo?"

"Hajambo, ila miguu inamsumbua."

"Pole. Ni wa kushoto au yote miwili?"

Kwetu salamu haikatwi. Ukishamuuliza mtu mama, lazima uulize baba, kisha watoto, kisha shamba, kisha mvua, na yeye lazima akurudishie zote. Na nimegundua kwamba ni vigumu sana kumpiga risasi mtu aliyekuuliza habari za miguu ya mama yako. Si kwamba imekatazwa. Mkono tu unaona haya.

Saa sita walikuwa wanasalimiana mstari mzima. Kanali wa serikali alinijia, akaninong'oneza huku ameuma meno, "Punguza." Nikasema kwenye kipaza sauti, "Na sasa naomba nimtambulishe Kanali wetu, awasalimie wananchi kwa neno moja." Kanali alinitazama kwa chuki, kisha akakichukua kipaza sauti, akasema hakuwa amejiandaa kuzungumza, akazungumza mpaka saa saba. Kanali wa waasi naye akadai haki sawa, akapewa.

Wakati huo njaa ilikuwa imeingia kazini. Pilau imeiva, lakini hakuna anayekula kabla ya mgeni rasmi. Hiyo hata mtoto anaijua. Bi Nyamizi akafunua masufuria yote. Upepo ukafanya kazi yake pande zote mbili bila ubaguzi. Kisha akapita mbele na mwiko mkononi.

"Wanangu, sijaita mtu kula. Nataka kuonjesha chumvi tu. Kama haikukolea, mniambie mapema, nisije nikaaibika mbele ya mgeni."

Itifaki inakataza kula. Haisemi kitu juu ya kuonja. Jeshi zima lilionja chumvi, kwa sahani, na nyama juu. Wengine walisema hawana uhakika, wakaonja tena. Hata wale wawili wa kwenye matangi waliteremka kutoa maoni yao, wakaziacha simu huko juu zinaita.

Mtu aliyeshiba juani hana hamu ya kufa. Kanyika alisimama, akasema anakwenda kujisaidia mara moja, akaiweka bunduki yake juu ya kiti asije mtu akamchukulia nafasi. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Makanali waliacha kofia. Kufikia alasiri uwanja ulikuwa umejaa bunduki zilizokaa vitini kwa adabu, na watu walikuwa wameshafika makwao wanavua viatu.

Simu zilipokosa wa kuzipokea, wakubwa wakaingiwa na wasiwasi, kila mmoja akaja kuchungulia. Wakaingia kwa mageti mawili, dakika ile ile. Walipoonana walikanyaga breki, wakarudi kinyumenyume, wakatoka, wakangoja, wakaingia tena kwa pamoja. Walifanya hivyo mpaka mafuta yakaisha.

"Watu wako wapi?" aliuliza Mtukufu Rais.

"Walikuwepo, Mtukufu," nikasema.

Walitazama viti. Safu ya mbele, ya meza kuu, ilikuwa wazi yote. Jenerali alikaa taratibu, akanyoosha miguu, akatazama mbele yake. Hakukuwa na kisogo cha mtu. Machozi yakamlengalenga.

"Kumbe hapa unaona mpaka milimani," akasema.

"Si nilikutumia ujumbe kwamba waliopanga viti walikosea?" Rais akasema, akakaa pembeni yake. "Na shemeji nimeshampeleka ubalozini."

Vita vikaisha hapo hapo. Walikumbatiana, wakaitana ndugu, wakaulizana presha. Kisha Rais akakunja uso. Mnara wa Shujaa Aliyeanguka ulikuwa umeshachongwa ng'ambo, mawe meupe, umesimamishwa katikati ya mji, umebakiza jina. Na kwa mujibu wa taarifa zangu tangu vita vianze hakuna aliyeumia. Mtukufu alikataa katakata kuikanusha redio yake mwenyewe.

"Mmoja anatosha," akasema Jenerali, akaangaza macho.

Mmoja alikuwepo. Shigela tangu utotoni akishiba hulala, na alikuwa amelala pale pale mbele, mdomo wazi, kofia ya manyoya imemfunika jicho. Jenerali akachomoa bastola. Alisema risasi ya ufunguzi bado haijafyatuliwa, na itakuwa vizuri ikifungua na kufunga kwa pamoja.

Bi Nyamizi alikuwa anaosha sufuria. Alikuja na mikono yenye mapovu, akasimama mbele ya kiti cha mwanawe.

"Shikamoo, Mtukufu. Shikamoo, Jenerali. Kwenye huo mnara kunaandikwa nini?"

"Jina, mama," akasema Rais kwa upole. Alikuwa mpole sana na wananchi anapotaka kitu.

"Basi jina ninalo, nililitunga mwenyewe. Anaitwa Shigela. Lichukueni. Mwili wa nini? Mwili unataka kuzikwa, unataka sanda, unanuka. Jina halinuki."

"Lakini lazima awe amekufa," akasema Jenerali, ambaye alikuwa mtu wa kanuni.

"Redio ikisema amekufa, nani atabisha?"

Wakanigeukia. Nikakisogeza kipaza sauti mdomoni, nikasema: "Tunasikitika kutangaza kifo cha shujaa wetu Shigela, aliyeanguka mstari wa mbele alasiri hii." Shigela akasikia jina lake kwenye spika, akashtuka, akasimama wima na kupiga saluti.

"Kaa chini, umekufa," mama yake akamwambia.

Alikaa. Jenerali akarudisha bastola, akasema pole kwa mama wa marehemu.

Tangu hapo Shigela anashona viatu barazani kwetu na wateja wamemzoea. "Marehemu, kisigino kimeng'oka." "Marehemu, utakuwa tayari lini?" Kila mwaka taifa husimama kimya kwa heshima yake, naye husimama pia, asionekane mjuvi.

Amani ilidumu mpaka Jenerali alipogundua kwamba kiti cha Rais kina mito miwili na chake mmoja. Akarudi msituni. Malori ya kukusanya vijana yakaanza kuzunguka tena, ya huku na ya huku, nyumba kwa nyumba. Sajini mmoja aliingia kwetu akamshika Shigela mkono.

"Huyo ni marehemu," Bi Nyamizi akasema bila kuacha kupembua mchele. "Kaangalie mnarani."

Sajini alikwenda, akaangalia, akarudi. Alipiga saluti mbele ya boksi la misumari ya viatu, akaendelea nyumba ya pili. Mtaa mzima uliona.

Asubuhi iliyofuata nilipofungua mlango nilikuta kinamama wamejaa uani. Hawakupiga kelele. Mmoja akaanza: "Mtangazaji, wangu anaitwa Lusajo, fundi redio. Naomba afe leo, malori yako mtaa wa nyuma." Nikamtangaza. Kesho yake walikuja wa mitaa ya mbali, kesho kutwa wa vijijini, na mimi nikawasoma kila taarifa ya habari, fulani wa fulani, amefariki kishujaa. Niliwaua kwa sauti nzuri kadiri nilivyoweza. Mkurugenzi alifurahi kuona taifa lina mashujaa wengi namna ile. Malori yakarudi matupu kwa pande zote mbili, na uvamizi wa pili wa mji mkuu ukaahirishwa kwa kukosa wapiganaji walio hai.

Siku moja mchana, wengine walipokwisha kuondoka, alibaki mama mmoja ameketi kwenye ngazi na kibuyu cha maji. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwambia karibu, Mama, wako anaitwa nani.

"Ntandu. Sisi ni wa Chemchemi."

"Afe kishujaa, au kwa maradhi? Kuna wanaopenda maradhi."

"Hapana, mwanangu. Wangu amekufa. Alikuwa mstari wa mbele siku ile waasi walipoingia kwetu. Wewe ulisema hakuna aliyeumia, basi nikawa nampikia kila siku, na kumbe wamemfukia nyuma ya shule."

Niliketi kando yake ngazini. Nilitamani aniseme, anitukane. Alikuwa amechoka tu, amenitazama kama mtu anayengoja zamu yake dukani.

"Unataka nitangaze nini, Mama?"

"Wa wenzangu umewatangaza wafu, wakapona," akasema. "Wangu mtangaze mzima."

Katika taarifa ya saa kumi niliwasoma marehemu wote wa siku hiyo. Nilipomaliza sikusema wasikilizaji kwaherini. Nilisema: "Ntandu wa Chemchemi yu hai. Hajambo. Amekula. Anamsalimu mama yake." Kisha nikawasha muziki.

Mkurugenzi aliingia studio mbio, akauliza habari hiyo imethibitishwa na nani.

Nikamwambia imethibitishwa na mama yake.